Maumivu ya mkono na vidole: fomu imerudi, msimbo umekosewa wapi?

Daktari ameandika "maumivu ya mkono", basi. Mhudumu wa madai ya bima akatafuta msimbo wa ugonjwa kwenye simu, akapata M79.641, akaijaza, mfumo ukaikataa. Akaifupisha, ikakataliwa tena. Mwisho akaweka R52.9, ikapita bila neno, kila mtu akashukuru. Wiki kadhaa baadaye fomu hiyohiyo ikarudi na maelezo kwamba utambuzi haulingani na huduma: mgonjwa alipigwa picha ya eksirei, akapasuliwa kidole kutolewa usaha, akapewa antibiotiki, na msimbo unasema maumivu yasiyobainishwa.

Mgonjwa huyo alikuwa na mdudu wa kidole, yaani maambukizi yenye usaha kwenye ncha ya kidole au pembeni ya kucha. Msimbo wake upo, ni L03.0, na ungejazwa siku ileile kama cheti kingetaja alichokiona daktari.

Mwongozo huu ni kwa tabibu, daktari, mtunza kumbukumbu na yeyote anayejaza misimbo ya ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, kwenye zahanati, kituo cha afya au hospitali. Nafuata toleo la Shirika la Afya Duniani, ambalo ndilo msingi wa orodha zilizomo kwenye mifumo mingi ya huku kwetu. Toleo la Marekani nitalitaja pale linapotuletea shida, na shida yenyewe ndiyo ya kwanza.

Mfumo unasema msimbo haupo

Hesabu tarakimu zilizo baada ya nukta. Zikiwa tatu, au msimbo ukiishia na herufi kama A, D au S, umechukua msimbo wa Marekani.

ICD-10 iliidhinishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwaka 1990. Wamarekani wakaitengenezea toleo lao, ICD-10-CM, wakaanza kulitumia kwenye madai tarehe 1 Oktoba 2015. Toleo hilo linataka upande wa mwili uwemo ndani ya msimbo wenyewe. Ndiyo maana kwao M79.641 ni maumivu ya mkono wa kulia (kiganja, si mkono mzima), M79.642 wa kushoto, M79.643 upande haukutajwa, M79.644 ni vidole vya kulia, M79.645 vya kushoto, M79.646 vidole bila kutaja upande. Kwa kuwa kampuni nyingi za huko hupandisha orodha hizo mtandaoni, ukitafuta kwenye simu ndizo zinazotokea juu kabisa.

Katika toleo la Shirika la Afya Duniani, M79.6 ni maumivu ya mkono au mguu kwa jumla. Tarakimu ya tano, ukihesabu na herufi ya mwanzo, inaonyesha sehemu tu: 1 bega, 2 mkono wa juu, 3 kigasha pamoja na kiungo cha kifundo cha mkono, 4 kiganja na vidole. Kwa hiyo M79.64 inabeba kiganja na vidole vyote, kulia na kushoto. Upande unaandikwa kwa maneno kwenye cheti. Halafu tarakimu hiyo ya tano ni ya hiari, na mifumo mingine imepakiwa orodha inayoishia tarakimu moja baada ya nukta. Mfumo wako ukiikataa M79.64, weka M79.6, taja kiganja au kidole kwa maneno, wala usikimbilie msimbo mwingine.

Je, unaweza kuchukua msimbo wa Marekani ukakata mkia? Mara nyingine ndiyo. G56.01 inakuwa G56.0 na maana haibadiliki. L03.011 inakuwa L03.0. Lakini kwenye mivunjiko usithubutu. Kwa Wamarekani S62.61 ni mwanzo wa msimbo wa pingili ya kwanza ya kidole iliyovunjika na kuhama. Kwa Shirika la Afya Duniani, tarakimu ya tano kwenye mivunjiko inasema kama jeraha limefunga au liko wazi: S62.60 ni kidole kilichovunjika bila kidonda, S62.61 kilichovunjika na mfupa una njia ya kuonana na hewa. Ukikata kijinga, mgonjwa wa plasta anageuka mgonjwa wa chumba cha upasuaji.

Kabla ya yote hayo, angalia uchapaji. Herufi O mahali pa sifuri, mkato mahali pa nukta, nafasi iliyoachwa mwishoni: haya nayo yanatosha kuukataa msimbo ulio sahihi.

Msimbo umepita, lakini dai limerudi

Hapa ndipo kazi ilipo. Mfumo unakagua kama msimbo upo; mkaguzi anasoma kama msimbo unaeleza kilichofanyika. R52.9 inapita kwenye mfumo kwa sababu ipo. Haisimami mbele ya mkaguzi kwa sababu kundi la R52 ni la maumivu yasiyoweza kupewa mahali pake mwilini, na kidole kina mahali.

Nimeshazisoma fomu hizi nyingi, na karibu kila mara kilichokosekana ni maswali ambayo hayakuulizwa chumba cha daktari, au yaliulizwa na majibu hayakuandikwa. Mtu wa madai hawezi kuyatunga. Maswali yenyewe ni haya: inauma wapi hasa, ilianzaje, na ulipoushika mkono ulikuta nini.

Mgonjwa akisema "mkono", mwambie akuonyeshe kwa kidole kimoja. Chukua mfano wa mama anayefua nguo za watu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mkono huu unaniua."

"Nionyeshe, mama. Unauma wapi?"

Anapitisha kidole juu ya gumba, shahada, kidole cha kati, anasita kwenye kidole cha pete, anakiacha kidole cha mwisho.

"Na unauma wakati gani?"

"Usiku. Naamka, naukung'uta hivi, ndiyo unatulia."

Mpaka hapo hujagusa kipimo hata kimoja na umeshatoka kwenye M79.6. Mwambie akunje vifundo vya mikono yote miwili na kuviacha hivyo dakika moja. Ganzi ikirudi kwenye vidole vilevile, una sababu ya kuandika kwamba neva ya kati imebanwa kwenye kifundo cha mkono, G56.0. Bandeji ngumu ya kushika kifundo, dawa, rufaa kwa daktari wa mifupa, vyote vina mahali pa kuegemea.

Ganzi, kuwaka moto, kuchomachoma

Vidole ndivyo vinavyokwambia. Gumba mpaka nusu ya kidole cha pete ni neva ya kati, G56.0. Kidole cha mwisho na nusu ya pili ya kidole cha pete ni neva ya alna, G56.2, na mara nyingi imebanwa kwenye kiwiko wakati malalamiko yote yako vidoleni. Mjamzito mwenye dalili za neva ya kati usimwandikie G56.0 peke yake; tanguliza O26.8, ili ujauzito uonekane.

Ganzi ikiwa mikono yote miwili na miguuni pia, kwa mtu mwenye kisukari, usiandike neva ya mkono. Hapo ni E11.4 kwa kisukari aina ya pili chenye madhara kwenye neva, ikifuatiwa na G63.2, ya neva nyingi kuharibiwa na kisukari. Msimbo wa kwanza una alama ya kisu (†) kwenye kitabu, maana ndio wa ugonjwa wenyewe; wa pili una nyota (*), maana ni wa namna ugonjwa huo ulivyojitokeza. Wenye nyota hausimami peke yake wala hautangulii, na dai lililojazwa G63.2 tu lina kila sababu ya kurudi.

Ikianzia shingoni na kushuka mpaka vidoleni, tafuta kwenye M50.1 kama tatizo la diski limethibitika, au M54.1 kama unachojua ni mzizi wa neva tu. Na tafadhali, ganzi isiyouma yenye baka kwenye ngozi, neva iliyonenepa kiwikoni, vidole vya mwisho vinavyoanza kujikunja: hiyo ichukuliwe kama ukoma, A30, mpaka ithibitike vinginevyo kwa wanaohusika na ukoma. Mgonjwa wa namna hiyo akiandikwa "maumivu ya mkono" anapotea kwenye takwimu na anapoteza vidole.

Usipopata chochote zaidi ya kuchomachoma, R20.2 ni jibu la kweli.

Kidole kimevimba, chekundu, kinapwita

Pembeni ya kucha au kwenye nyama ya ncha ya kidole: L03.0. Uvimbe wa ngozi uliopanda mpaka mgongo wa kiganja: L03.1. Jipu lililojikusanya kiganjani: L02.4. Ukipasua, andika kwamba ulipasua na usaha ulitoka; sentensi hiyo ndiyo inayounganisha msimbo na gharama ya utaratibu.

Kuna hali moja hapa isiyosubiri kesho. Kidole kizima kimevimba kama soseji, kimejikunja kidogo na hakitaki kunyooshwa, ukikinyoosha wewe mgonjwa anapiga kelele, na ukibonyeza kuanzia kiganjani kufuata kano pote panauma. Maambukizi yameingia kwenye ala ya kano, yaani mfuko unaoizunguka: M65.1, au M65.0 kama usaha umeonekana ndani ya ala. Kano inaweza kufa kwa muda mfupi. Msimbo wa L03.0 kwenye barua ya rufaa unamfanya anayepokea afikirie mdudu wa kawaida, na mgonjwa anakaa kwenye benchi. Ndiyo maana nasema msimbo si mambo ya pesa tu.

Pima sukari kila mtu mzima mwenye maambukizi ya mkono. Madaktari wa Dar es Salaam, katika miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzo wa 2000, walieleza kwa kina wagonjwa wa kisukari walioanza na mkwaruzo au kuumwa na mdudu kwenye mkono na kufikia kukatwa vidole, wengine kupoteza maisha. Kisukari kikipatikana, misimbo ni miwili: wa kisukari na wa maambukizi. Vidole vikishaanza kufa, E11.5 kwa mwenye aina ya pili.

Sasa mtoto. Ana mwaka mmoja, mama amemleta kwa sababu analia akishikwa mkono. Vidole vya mikono yote miwili vimevimba, na ukivua soksi unakuta miguu nayo imevimba. Hakuna kidonda, hakuna kucha iliyooza. Maambukizi ya ngozi hayachagui mikono miwili na miguu miwili kwa pamoja. Huyu anahitaji kipimo cha selimundu leo, kwa maana kuvimba huku, kati ya miezi sita na miaka miwili hivi, mara nyingi ndiyo ishara ya kwanza kabisa ya ugonjwa huo. Ukithibitika, D57.0. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaliwa watoto wengi zaidi wenye selimundu duniani. Kila mtoto anayeandikwa L03.0 na kurudishwa nyumbani na antibiotiki ni mtoto ambaye kliniki ya selimundu haijui kwamba yupo.

Viungo ndivyo vinavyouma

Bonyeza kiungo chenyewe, kisha bonyeza nyama kati ya kiungo na kiungo. Maumivu yakiwa kwenye kiungo na huna sababu bado, tumia M25.5, siyo M79.6. Kifundo cha mkono kina mtego wake: kwa tarakimu ya tano, kiungo cha kifundo kimehesabiwa na kigasha, kwa hiyo ni M25.53, viungo vidogo vya kiganja na vidole ni M25.54.

Watu wengi huita kila maumivu ya viungo baridi yabisi, na hakuna ubaya kwenye mazungumzo. Ubaya unaanza pale neno hilo linapohamia kwenye M06.9, ambayo ni ugonjwa maalumu unaoshambulia viungo vidogo vya mikono yote miwili, asubuhi mikono ikiwa migumu kwa saa nzima au zaidi, na kwa kawaida ukiviacha viungo vya ncha za vidole. Dawa zake ni za miaka mingi na zinahitaji vipimo vya damu mara kwa mara. Ukiandika M06.9 kwa bibi mwenye vinundu kwenye viungo vya ncha za vidole, umempa ugonjwa asiokuwa nao: hivyo vinundu ni M15.1, vya kiungo cha katikati ni M15.2, na maumivu kwenye shina la kidole gumba kwa mtu mzima ni M18. Ugonjwa wenyewe ukithibitika na kipimo cha damu ni chanya, ingia M05. Kikiwa hasi, M06.0.

Jongo ni M10, na mkononi lipo japo wengi wanalijua la kidole gumba cha mguu. Kiungo kimoja kilichovimba ghafla kwa mtu mwenye homa kisiitwe jongo kabla usaha haujaondolewa shaka. M00 ni dharura.

Homa ya siku chache ikifuatiwa na viungo vya mikono kuuma kwa wiki au miezi, uliza kama nyumbani kuna wengine. Chikungunya, A92.0, ilielezwa kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 kwenye Uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, kwa hiyo si ugonjwa wa kusimuliwa. Kipimo kikikosekana, dalili zake ndizo za kuandika.

Kidole kinakwama, gumba linauma ukishika kitu

Kidole kinachokunjika kisha kikagoma kunyooka mpaka kifyatuke ni M65.3. Maumivu upande wa gumba, juu ya kifundo, yanayozidi mama akimnyanyua mtoto mchanga, ni M65.4, ugonjwa wa de Quervain. Uvimbe laini wa mviringo mgongoni mwa kifundo, usiouma sana, ni M67.4. Vyote vitatu vinaonekana kwa macho na mikono ya daktari bila kipimo, na vyote vitatu nimevikuta vimejazwa M79.6.

Kumbe aliumia

Maumivu yaliyotokana na jeraha hayakai kwenye herufi M. Yanaanza na S, kundi la S60 hadi S69, kisha unaongeza msimbo wa pili wa chanzo. Kwenye vituo vingi vya barabara kuu hili peke yake lingepunguza nusu ya kero, maana mikono ndiyo inayotangulia mtu anapoanguka.

Kidole kilichochubuka ndani bila kidonda ni S60.0, au S60.1 kama kucha imeharibika. Kidonda cha kidole ni S61.0, na S61.1 kucha ikiguswa. Usiache kuitaja kucha: kushona kitanda cha kucha ni kazi tofauti na kushona ngozi. Gumba lililovunjika ni S62.5, kidole kingine S62.6, mfupa wa kiganja S62.3. Kuteguka ni S63.6. Kidole kilichosagwa ni S67.0. Kilichokatika ni S68.0 kwa gumba na S68.1 kwa kidole kingine kimoja. Kuungua ni T23, na tarakimu baada ya nukta inataja kina chake: 1, 2 au 3. Andika kina, la sivyo utabaki na T23.0 na gharama za vidonda virefu hazitaeleweka.

Nitakaa kidogo kwenye mvunjiko wa skafoidi, mfupa mdogo wa kifundo cha mkono upande wa gumba, S62.0, kwa sababu unawasumbua wote, waganga na watu wa madai. Kijana wa bodaboda ameangukia kiganja. Eksirei ya siku ya kwanza ni safi. Lakini ukibonyeza kile kishimo kinachojitokeza gumba likinyanyuliwa, anaruka. Mvunjiko wa skafoidi mara nyingine hauonekani siku za mwanzo, ndiyo maana anafungwa plasta na kurudiwa picha baada ya siku 10 hadi 14. Ukiandika S62.0 siku ya kwanza, mkaguzi ataiona eksirei safi na kuuliza. Ukiandika M79.6, atauliza plasta ya nini. Andika jeraha unalolijua la kifundo na mkono, S69.9 kama huna zaidi, kisha kwa maneno: "maumivu makali kwenye kishimo cha gumba, plasta ya tahadhari, picha irudiwe." Picha ya pili ikionyesha mvunjiko, hudhurio hilo la pili ndilo linaloandikwa S62.0.

Msimbo wa chanzo unafuata, hautangulii kamwe. Dereva au abiria wa pikipiki ni V20 hadi V29. Kidole kilichobanwa na mlango ni W23. Kisu, W26. Mashine, W31. Mbwa, W54, na hapo usisahau Z24.2, hitaji la chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa maana bila hiyo chanjo inaonekana kwenye bili bila mwenyewe. Kidonda kidogo juu ya kifundo cha kidole kwa mtu aliyempiga mwenzake ngumi ya mdomo kinaonekana si kitu. Ni kuumwa na meno, kinaweza kuwa kimefika kwenye kiungo, na kama historia hiyo haikuandikwa hakuna atakayeelewa kwa nini alilazwa.

Daktari ameandika "inawezekana"

"Inawezekana neva ya kati imebanwa." "Shaka ya jongo." Maelekezo ya Shirika la Afya Duniani kwa waganga ni kwamba, hudhurio likiisha bila utambuzi uliothibitika, waandike dalili au kilichokutwa, kwa undani uwezavyo, badala ya ugonjwa wenye neno la shaka. Kwa hiyo ganzi ya vidole vitatu vya kwanza kwa R20.2, au maumivu ya kiungo kwa M25.5, pamoja na mpango wa kipimo kinachofuata.

Hapa ndipo M79.6 inapopata heshima yake. Mgonjwa hakuumia, hakuna uvimbe, viungo vinakunjika bila shida, neva ziko sawa, sukari ya kawaida, na bado mkono unauma. M79.6 ni msimbo sahihi kabisa kwa hudhurio hilo. Ninachokipinga ni kuitumia kabla mkono haujashikwa.

Amerudi kwa ajili ya kidonda kilekile

Kufunga kidonda na kutoa nyuzi ni Z48.0. Kuondoa pini au chuma kilichowekwa kwenye mfupa ni Z47.0. Kidonda cha ajali kilichoota usaha ni T79.3. Kidole kilichovunjika zamani, kimepona, na sasa kigumu au kinauma, ni T92.2 ikifuatana na msimbo wa tatizo lenyewe la sasa. Kuendelea kujaza S62.6 kila hudhurio kunawafanya wakaguzi waone mtu mmoja anayevunjika kidole kila mwezi.

Fomu imesharudi mkononi mwako

Fungua faili kabla ya kufungua orodha ya misimbo. Soma alichoandika aliyemwona mgonjwa, soma majibu ya maabara na picha, soma ni nini kilifanyika. Mara nyingi jibu limo: daktari ameandika dalili kwenye mstari wa utambuzi, na utambuzi wenyewe uko chini, kwenye maelezo ya utaratibu. Hapo unarekebisha msimbo na kutaja ukurasa.

Kama halimo, mrudie aliyemwona mgonjwa. Mwulize swali lisilomlisha jibu: "Daktari, naomba utaje ulikuta nini kwenye kidole cha mgonjwa huyu," wala si "Daktari, niandikie L03.0 ipite." Akiongeza maelezo, aongeze kwa tarehe ya leo na sahihi yake, bila kufuta yaliyokuwepo. Akisema hakumbuki na faili halisemi, msimbo wa dalili unabaki, na sehemu ya dai inaweza kupotea. Ipotee. Kuchagua G56.0 kwa kuwa inalipwa vizuri kunabaki kwenye kumbukumbu za mgonjwa, na daktari atakayemwona mwakani ataanza na ugonjwa ambao haukuwahi kuwepo.

Vituo vinavyohamia ICD-11, toleo linalofuata ICD-10, iliyoanza kutumika rasmi 1 Januari 2022, vitaona upande ukirudi, safari hii kama kiambatanisho cha hiari: neva ya kati iliyobanwa ni 8C10.0, na ya mkono wa kulia ni 8C10.0&XK9K. Orodha hiyo na ile ya ICD-10 zote mbili zinapatikana bure kwenye tovuti ya Shirika la Afya Duniani. Hifadhi anwani hiyo kwenye kompyuta ya madai na utafute huko kila mara.